Maji ya Riamogire na Kipimo cha Haron Obwocha

Waombolezaji wapendwa, familia imenituma mimi Omosa, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya Haron Obwocha Machogu, na imenikataza kupunguza chochote.

Haron alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa hapa nyumbani, karibu na Nyakoe, mtoto wa pili wa Mzee Alfayo Machogu na Mama Nyanchoka, akasoma shule ya msingi kuanzia 1975 hadi 1981, sekondari hadi 1985, kisha akasomea kazi ya maabara Nairobi na kuhitimu mwaka 1989.

Tarehe 8 Januari 1990 aliajiriwa katika maabara moja mjini Kisii, na tarehe 18 Desemba 1994 alifunga ndoa na Esnah Nyanchama wa Nyamira, Mungu akawajalia Ruth, Mose na Lewis.

Kazi yake ilikuwa kupima madini kwenye maji, kwa mashine inayochoma tone moja na kusoma, kwa mwanga wa taa maalumu, hata madini kidogo ya risasi, yenye sumu, yasiyoonekana kwa macho. Chupa zake alizilowesha kwenye asidi siku nzima, na kila alipokwenda kuteka sampuli alibeba chupa moja ya maji yaliyosafishwa, akaenda nayo na kurudi nayo, ili kama kuna uchafu wa chupa au wa njiani, uonekane humo.

Tarehe 4 Machi 2024 alipima chemchemi yetu ya Riamogire, chini ya mahali panapoyeyushwa betri kuukuu za magari, akakuta risasi, na mkubwa wake kazini akakataa kupiga muhuri karatasi ya majibu, eti chupa zilikuwa chafu. Alirudia mara tatu, namba haikubadilika, na ile chupa ya maji yaliyosafishwa ilisoma sufuri kila mara, lakini badala ya muhuri akapewa barua ya kuhamia stoo, na onyo kwamba akifungua mdomo hana kazi. Alinyamaza kwa sababu Lewis alikuwa bado chuoni, jambo lililomla moyo, nasi hatulifichi.

Tarehe 9 Septemba 2025 alianguka kwa kiharusi, akalazwa, akafariki tarehe 21. Daktari ameandika shinikizo la damu, hakuandika hasira, nasi hatumwongezei maneno.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, pamoja na wafanyakazi wenzake wawili waliokuja, na wale wasiokuja tunawaelewa vizuri sana. Tunawashukuru akina mama majirani, ambao asubuhi hii, kama ilivyo desturi yetu ya msiba, walitubebea maji ya kupikia kutoka Riamogire, na tunawaomba radhi kwa kuwa Esnah aliyamwaga yote mbele yao bila kueleza.

Maelezo ni haya. Kiwango kinachoruhusiwa cha risasi ni mikrogramu kumi kwa lita, na Riamogire ina themanini na nne. Karatasi haina muhuri, ina sahihi ya Haron. Mtu asiteke tena maji pale.

Haron, kazi yako imesomwa mbele ya watu, sasa pumzika kwa amani.