Sura Mpya kwenye Kopo la Ozella

Mbele ya saluni ya Ozella Tate, kule Orange Mound, Memphis, kuna benchi la kanisa. La kanisa hasa, si la kufananisha: watu wa kanisa la Mlima Nebo walilitoa walipojinunulia viti vya mito, na marehemu mume wa Ozella akalileta juu ya gari la kuazima. Mtu akilikalia huanza kwa kunong'ona kama yuko ibadani, ila dakika tano haziishi utamsikia mtaa wa pili. Wenyewe wa benchi ni watatu. Yupo Shemasi Beasley, ambaye hajawahi kukubali jambo kabla ya kulikataa kwanza. Yupo Sindano, tarishi mstaafu. Jina alipewa akiwa kijana mwembamba, leo mtu wa kilo mia na arobaini, na kipara kinachong'aa kama bakuli. Na yupo Bi Lurlene, ambaye wanamwita Redio kwa sababu akishawashwa hazimiki. Jumamosi ile, kesho yake Pasaka, ndani ya saluni palikuwa hapatemeki mate: wasichana wamepanga foleni, chanuo la moto la kunyooshea nywele linafuka moshi, na kila dakika unasikia, shika sikio, we mtoto, shika sikio! Ozella aliwaachia wasusi wake wawili, akatoka na birika la kahawa mkono mmoja na kopo mkono mwingine.

— Haya waheshimiwa, alisema, akaliweka kopo katikati ya benchi. Tazameni, mniambie. Nina mpaka saa sita mchana.

Wakainama. Miaka kumi na miwili kopo la Mafuta ya Ozella lilikuwa la njano, na juu ya kifuniko yuko Ozella mwenyewe, kitambaa kichwani, anacheka. Hili lilikuwa jeupe kama kikombe cha hospitali. Kwenye kifuniko walikuwepo wanawake watatu, mashavu yamegusana: mmoja mweusi, mmoja ana nywele zilizonyooka kama mvua, mmoja Mzungu mwenye nywele za rangi ya mahindi. Chini yao pameandikwa: Kwa Kila Kichwa.

— Wewe uko wapi hapa? akauliza Shemasi.

— Jina limebaki. Sura imetoka.

— Nani kaitoa?

— Renita.

Renita ni mtoto wa kaka yake Ozella. Mafuta ni ya jikoni kwa shangazi yake, lakini kampuni ni kichwa cha Renita.

— Kuna duka kubwa limekubali kuyauza nchi nzima, Ozella alieleza. Wanataka wanunuzi wa kila aina, si sisi tu. Saa sita Renita anapiga simu. Nikisema ndiyo, mtambo unaanza kuchapa. Nikisema hapana, basi, maana jina ni langu. Na duka linaenda kwa mwingine.

Alimimina kahawa. Sura haikuwa inamuuma, maana ile picha ya zamani ilimpa kidevu ambacho hana. Kilichomkosesha usingizi ni kingine: hakujua kama anamwoza binti au anaibiwa.

— Imeshauzwa hiyo, alisema Shemasi. Kampuni imeuzwa zamani, Renita hakwambii tu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mwezi huu picha. Mwezi ujao maji kidogo. Mwaka kesho Dada Ozella unanunua kopo lenye jina lako, ndani mna maji ya waridi.

— Renita hawezi, alisema Ozella.

— Hawezi, hawezi! Hata mke wangu wa kwanza nilisema hawezi.

— Na akaweza, alisema Bi Lurlene. Tena na mpiga kinanda. Sasa nyamazeni niwaambie kitu cha kweli. Kule anakokaa binti yangu, mafuta yetu sisi weusi yako nyuma kabisa ya duka, kwenye kabati la kioo, na kufuli juu. Ukitaka, unabonyeza kengele, unamsubiri mwenye ufunguo. Kama unanunua bunduki.

— Bunduki utaipata upesi zaidi, alisema Sindano.

— Haya. Sasa Ozella anahamishiwa mbele, hakuna kufuli.

— Si ndiyo vizuri?

— Vizuri kwa kopo! Mimi je? Nitafika rafu yetu nikute pengo. Nizunguke duka zima natafuta mafuta ya jirani yangu, mlinzi ananifuata nyuma hatua kwa hatua. Nitakuja kufungwa kwa ajili yako, Ozella.

Ozella alicheka, lakini hilo lilimwingia. Alijua lile kabati. Alijua na ile kengele.

Sindano akajifuta makombo kidevuni. Alikuwa na mkate wenye soseji ndani, na ukimwona anautafuna polepole ujue neno linakuja.

— Nyie mnaongea siasa, alisema. Hili ni jambo la sayansi. Nimebeba barua miaka thelathini na moja, mitaa ya wenye nazo. Nywele zao zinabadilika.

— Zinabadilikaje?

— Zinajikunja. Ni joto. Kila kiangazi joto linazidi, na kila kiangazi yule mama wa nyumba ya arobaini na mbili anafungua mlango kichwa kimeumuka kama unga wa maandazi. Nampa barua, simsemi. Miaka hamsini ijayo, Tennessee nzima hakuna unywele ulionyooka. Renita ameliona hilo. Wahenga walisema, mbio za sakafuni huishia ukingoni.

— Inahusiana nini na nywele? aliuliza Shemasi.

— Nywele zikikatwa zinaangukia wapi? Si sakafuni? Au kwako hamfagii?

— Acha kamba zako, Sindano.

— Kamba? Kalale na kichwa chako, utaniambia.

Bi Lurlene hakuwa anasikiliza. Alikuwa amelinyanyua kopo mpaka puani, miwani juu ya kichwa.

— Huyu si Mzungu, alisema.

— Lurlene!

— Huyu wa mahindi. Hebu tazama hilo paji la uso. Hilo ni paji la akina Gaither, nimekaa nyuma yao, mbele yao na kando yao kanisani tangu nizaliwe. Kavishwa wigi, kapakwa unga. Renita anabana matumizi.

— Na huyu wa mvua?

— Naye. Angalia meno. Hawa wote watatu ni mtu mmoja!

Vichwa vinne vikagongana juu ya kopo. Ozella alicheka mpaka kahawa ikammwagikia sandali. Wasichana wawili wakachungulia dirishani, mmoja nusu ya kichwa imenyooka, nusu bado.

— Haya, na wewe? Shemasi alimwambia Ozella. Umetuita tunywe kahawa tu? Wewe mwenyewe unasemaje?

Ozella alikaa pembeni ya benchi.

— Nikiwa na miaka minane, alisema, mama alinipeleka duka la dawa, pale barabara ya Park. Dirishani pamebandikwa picha za vichwa kama kumi, hakuna hata kimoja kama changu. Nikamuuliza, mama, sisi vyetu viko wapi? Akasema, wametusahau, basi na tujikumbuke wenyewe. Jioni ile ile akaweka sufuria motoni. Sasa mimi niende kumwambia mwenye dirisha, njoo na wewe upake? Sijui mama angecheka au angenichapa.

— Angekuchapa kwanza, alisema Bi Lurlene, ambaye alimjua. Acheke baadaye.

— Lakini angeuza, alisema Sindano.

— Angeuza, walikubali wote.

Ilikuwa imebaki robo saa. Gari la mizigo lenye namba za Mississippi lilisimama, akashuka mzee wa Kizungu, kofia mkononi kabla hajafika. Mkono mwingine alimshika binti wa miaka sita hivi. Mtoto alikuwa amevaa sweta la kofia, kofia imefungwa kamba chini ya kidevu, na jua lile la Aprili.

— Samahanini, alisema mzee. Naitwa Stokes. Namtafuta mama anayetengeneza haya.

Akatoa mfukoni kopo la njano, limeliwa mpaka nusu. Benchi zima likatazama kopo, likamtazama yeye, likatazama zile nywele zake chache za mvi zilizolala upande.

— Unapaka wewe? Sindano alishindwa kujizuia.

— Nampaka huyu. Corinne, mjukuu wangu. Baba yake ndiye aliyekuwa anamchana, yuko jeshini tangu Februari. Mama yake ni binti yangu, yuko hospitali zamu mbili. Nimebaki mimi.

— Kesho nasema shairi, alisema Corinne kutoka ndani ya kofia. Kanisani kwa bibi mweusi, mama yake baba, ambaye macho hayaoni. Lina mistari minane.

Mzee akafungua kamba. Lo! Upande mmoja nywele zilikuwa zimezama, mafuta yanatiririka mpaka kwenye nyusi. Upande wa pili zimesimama kavu, zimekasirika.

— Huku nilipaka sana, alisema mzee. Huku nikaogopa. Nimesoma kopo lote, mama. Linataja kila kilichomo. Halisemi nipake kiasi gani.

Ozella alilichukua lile kopo, akaligeuza. Jina, anwani, shea, nazi, mbegu za zabibu. Akaligeuza lile jeupe. Jina, anwani, shea, nazi, mbegu za zabibu. Miaka kumi na miwili hakuna aliyeandika neno hilo, na hakuna aliyeliuliza. Kila aliyenunua alikuwa ameshakaa sakafuni, katikati ya magoti ya mtu, shingo imebanwa, akajifunza bila kuambiwa.

— Kiasi tu, alisema Bi Lurlene.

— Kiasi gani?

— Cha kutosha!

— Mama yangu alichota kwa vidole viwili, alisema Shemasi.

Mzee Stokes akanyoosha vyake viwili, vinene kama magunzi.

— Kama hivi?

— Hapana! Ondoa hivyo.

— Wahenga walisema, alianza Sindano, mkono mtupu haulambwi.

— Sindano, huna hata unywele wa kuombea maji. Nyamaza, alisema Bi Lurlene. Ozella, mwambie.

Wote wakamgeukia. Ozella alikuwa amepaka vichwa ambavyo havihesabiki, vya harusi, vya kipaimara, vya maiti.

— Unapaka, alisema, mpaka nywele ziache kunywa.

Benchi likaitikia, naam, hapo sasa.

— Nitajuaje zimeacha? aliuliza mzee.

Hakuuliza kwa ubishi. Alikuwa ametoa kalamu, na nyuma ya risiti alikuwa ameshaandika neno moja: kunywa.

Mkono wa Ozella ulijua; aliutazama kana kwamba utamnong'oneza. Redio ilizimika, jambo ambalo halijapata kuonekana Orange Mound.

— Zinalia? aliuliza Corinne. Zikishiba zinalia?

— Hapana, mwanangu. Zinakuwa... zinakuwa tu.

Simu ikalia mfukoni mwa Ozella. Renita hakusalimia.

— Shangazi, saa sita. Ndiyo au hapana?

— Ndiyo, alisema Ozella, na akashangaa jinsi neno lilivyotoka jepesi. Waweke hao watatu, hata kama ni mtu mmoja. Sura yangu hainidai kitu. Ila nyuma ya kopo ukomee kwenye viungo. Chini yake acha mahali peupe, pakubwa kama kiganja.

— Pa nini tena? Shangazi, mtambo unasubiri!

— Pa kuandika namna ya kupaka.

— Basi niambie niandike nini, niwape sasa hivi.

Ozella aligeuka kutazama benchi. Shemasi alikuwa amechota, yuko na tonge dogo kiganjani, amelishika kama sakramenti. Tonge la Bi Lurlene lilikuwa mara mbili yake, na alikuwa anaapa kwa marehemu dada yake kwamba ndilo lenyewe. Sindano naye alikuwa na lake, sijui kwa kichwa gani. Mzee Stokes alinyoosha kiganja mwishoni mwa mstari, kitupu bado, anawatazama wenzake awafuate.

— Bado hatujakubaliana, alisema Ozella.

— Nani na nani?

— Nitakupigia kabla ya saa nane. Mtambo nao ule kwanza chakula cha mchana.

Akakata simu, akachovya kwenye kopo jeupe bila kutazama, kama anavyochovya siku zote, akaketi karibu na mzee na kukunjua kiganja chake. Corinne akapita mbele ya benchi, mikono nyuma, akavichungulia viganja vyote vitano, kimoja baada ya kingine, kisha akarudi tena mwanzo.