Nusu ya Pilipili ya Mzee Eustakio

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, endelea tu na sufuria lako. Tunayemkumbuka leo ni mtu wa jikoni, ingawa alianza kupika akiwa na miaka sitini na tisa. Ni jirani yangu, Mzee Eustakio wa Nkowe, wilayani Ruangwa. Mkulima wa korosho, mume wa Bibi Dafrosa. Ametutoka mwezi uliopita.

Mzee huyu pilipili alikuwa haiwezi. Nkowe nzima walijua. Mtani wake, Yunusi, alizoea kusema kwamba Eustakio akipita tu karibu na mche wa pilipili kichaa, machozi yanamlenga. Hilo msilisahau.

Miaka minne iliyopita Bibi Dafrosa alianza kupoteza kumbukumbu. Kwanza aliunguza mbaazi. Halafu akapotea njia ya kisimani, njia aliyoipita tangu aolewe. Mwisho akamsahau mumewe. Hospitalini Nachingwea wakaambiwa ni ugonjwa wa Alzaima, na dawa ya kuuponya haijapatikana. Binti yao wa pekee, Gaudensia, anafundisha shule Tunduru. Nyumbani wakabaki wawili. Tuseme ukweli, alibaki mmoja.

Kila asubuhi Bibi Dafrosa alimpokea mumewe kama mpita njia.

"Umetoka wapi, baba?"

"Hapahapa Nkowe."

"Mbona sikujui?"

"Utanijua tu, mama Gaude."

Mzee alihamia barazani, akawa analala kwenye mkeka, maana mama hakukubali mwanaume asiyemjua aingie chumbani. Hakumlaumu. Alimwambia Yunusi, "Nilioa mwanamke mwenye heshima zake. Sasa nilalamike nini?"

Ndipo siku moja akasikiliza redio. Na hapa niseme wazi, wasikilizaji: kipindi kilikuwa chetu. Tulieleza kwamba ndani ya pilipili kuna kitu kinaitwa kapsaisini, ndicho kinachowasha. Tukaeleza kwamba kwenye chembe za neva kuna kama kimlango, wataalamu wanakiita kipokezi. Kapsaisini ikikigusa, mtu anasikia moto. Watafiti walijaribu kwa panya wenye ugonjwa unaofanana na Alzaima. Kimlango kile kilipoamshwa, kumbukumbu za panya zikaonekana kupata kinga. Kwa binadamu bado haijathibitishwa. Majuzi nimerudia kusikiliza kipindi kile. Pilipili tuliitaja mara kumi na moja. Panya tuliwataja mara moja.

Mzee Eustakio akapanda pilipili kichaa, mistari mitatu, kati ya nyumba na mikorosho. Kisha akachukua bodaboda mpaka Ruangwa mjini, akapanda gari la Nachingwea, akamuuliza daktari. Daktari akamweleza taratibu: "Ni panya, mzee wangu. Kwa watu hatujui. Kidogo kwenye mboga si vibaya, ila usiitegemee."

"Daktari," mzee akasema, "mimi nyumbani sina panya. Nina mke. Nitegemee nini?"



Kikwazo kikawa mama mwenyewe. Bibi Dafrosa alilelewa na mila ya kwao kwamba usiyemjua akikupa chakula, aonje yeye kwanza mbele ya macho yako. Jina la mume lilikuwa limemtoka, lakini mila haikumtoka. "Onja wewe kwanza," akawa anasema. Basi mtu asiyeiweza pilipili ikambidi aionje. Kila mchana, pilipili moja. Mzee anang'ata nusu, anakohoa, machozi yanamtoka. Mama anamcheka, halafu anachukua nusu yake na kula. Nusu ya mzee, nusu ya mama, kwa miaka mitatu.

Gaudensia alikuja likizo akayaona haya. Anasema hivi: "Baba alikuwa analia kweli. Pilipili ilimpa ruhusa tu."

Yunusi naye alimuuliza, "Mtani, inasaidia?"

"Hajanitaja bado. Ila anacheka." Kisha mzee akaongeza, "Nataka aniite jina mara moja tu, kabla mmoja wetu hajaondoka."

Hakuitwa. Mzee Eustakio alikutwa shambani, chini ya mkorosho, ndoo ya korosho ikiwa imejaa pembeni yake. Moyo ulisimama.

Msibani Yunusi alikuja kama mila ya utani inavyotaka, amejivika mkufu wa pilipili, anakohoa kama marehemu. Watu walicheka huku wanalia. Bibi Dafrosa alicheka pia, kisha akamuuliza Gaudensia, "Kwani kafa nani?"

"Baba, mama."

"Pole sana, mwanangu," akamjibu, kama jirani anavyompa pole jirani. Gaudensia anasema neno hilo lilimuuma kuliko kaburi.

Siku ya tatu baada ya mazishi, Gaudensia alisonga ugali, akapika kisamvu, akaweka pilipili moja pembeni. Akaonja mboga kwanza. Mama akaichukua ile pilipili, akang'ata nusu, na nusu nyingine akaiweka ukingoni mwa sahani. Gaudensia alitaka kuiondoa. Mama akamshika mkono.

"Acha. Hiyo ina mwenyewe."

"Ni ya nani, mama?"

Mama alifikiri sana. "Jina limenitoka. Ila huwa anakula na mimi."

Wasikilizaji wapendwa, mimi sijui kama ni pilipili iliyolinda hilo. Tafadhali msitoke hapa mkasema redio imesema. Safari hii nataja panya kwa sauti: yale yalikuwa majaribio ya panya. Ninachokijua ni kwamba kwa miaka mitatu mtu mmoja alikaa mezani na mkewe akiwa peke yake, na sisi majirani tulikuwa tunapita njiani tukisikia kikohozi tu. Kama kwenu yupo anayemuuguza mtu aliyesahau, nenda mchana mmoja ukale naye.

Kwa Gaudensia, kwa Yunusi, kwa ukoo wote wa Nkowe, poleni sana. Bibi Dafrosa, hutatujua, lakini nawe tunakupa pole. Mungu ampumzishe Mzee Eustakio.

Gaudensia bado yupo Nkowe na mama yake. Anatuambia ile nusu hutengwa kila mchana na hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Mama akishainuka mezani, Gaudensia ndiye huila. Naye pilipili haiwezi.