Bawabu Aliyekataa Kuingia

Namfamo, bawabu wa kanisa letu hapa Zaraba, anastaafu Jumapili ya Pasaka baada ya miaka thelathini na mmoja mlangoni. Mitatu kati ya hiyo hakuwepo kabisa, alikuwa na minyororo miguuni kwenye machimbo ya shaba, lakini Baba Askofu ameagiza nayo ihesabiwe, na mimi ni shemasi tu, mimi ni nani hata nibishe?

Kazi yake mnaijua. Mahubiri yakiisha, ambao hawajabatizwa wanatoka, mlango unafungwa, waumini wanabaki na meza ya Bwana. Bawabu lazima azijue sura za watu wote, na Namfamo asiyemjua hakumpa hata upenyo. Siku moja ya mvua alikuja mgeni peke yake, akasema yeye ni askofu wa mji jirani. "Na mimi ni Kaisari," akajibiwa. "Ngoja hapo hapo." Maskini akangoja mpaka akalowa chapachapa, hadi Donata muuza zeituni alipofika na kupiga ukelele: "Mungu wangu! Namfamo, huyu ndiye aliyenibatiza!" Mzee wa watu aliingia meno yakigongana. Tangu hapo haji kwetu bila kutanguliza mjumbe.

Ubishi huohuo ndio uliotuokoa mwaka wa mateso. Askari walipofika tulikuwa ndani, tena wengi. Namfamo akatoka, akaufunga mlango nyuma yake, akaanza kuwahoji kama anavyowahoji wageni wote: wewe nani, umetumwa na nani, baba yako anaitwaje. Hadi walipochoka kujibu na kuanza kumpiga, sisi tulikuwa tumekwisha kutokea nyuma, kwenye kinu cha mafuta. Yeye alikiri mbele ya hakimu kwamba ni Mkristo, wakampeleka machimboni. Hakutaja jina la mtu hata mmoja.

Wengine hawakuweza. Bariki mfinyanzi alionyeshwa wanawe wamefungwa kamba, akafukiza ubani mbele ya sanamu ya Kaisari, ndiyo kumkana Bwana. Donata naye alifukiza. Walikuwa wengi, jamani, tusijifanye. Amani iliporudi, Baba Askofu aliamua kwamba watasimama barazani, nje ya mlango, wakitubu, na hawatapewa mkate wa Bwana mpaka saa ya kufa.

Basi Namfamo akarudi, mgongo umepinda na jicho moja limeliwa na vumbi. Kwetu aliyemkiri Bwana katika minyororo hukaa benchi moja na wazee wa kanisa. Tulimtandikia mkeka mpya pale, na akina mama walikuwa wameoka mikate ya asali. Siku hiyo mahubiri yakaisha, Namfamo akawatoa wasiobatizwa, akafunga mlango. Akabaki upande wa nje.

Tukangoja. Mwishowe nikaufungua nimchungulie. "Ingia bwana, watu wanakusubiri!"

"Na hawa je?" akauliza, akiwaonyesha wale wa barazani.

"Hawa si walifukiza ubani?"

"Najua. Mimi kwa njaa ile ya machimboni, wangeniahidi mkate ningefukiza hata viatu vyangu. Hawakuniuliza tu. Ninyi endeleeni, mimi niko na hawa."

Baba Askofu alitoka amekasirika kwelikweli. Akamwuliza kama anajua anachokikataa, na je, akifa huko nje bila kushiriki, roho yake itamlilia nani?

"Baba, wewe mwenyewe ulitusomea," Namfamo akasema. "Mtume alikuwa radhi atengwe yeye na Kristo, mradi ndugu zake waokoke. Nilikuwa mlangoni, lakini masikio yangu hayakuwa nje."

Wazee wakanong'ona kwamba machimbo yamempanda kichwani. Mimi pia nilikereka, maana kila Jumapili ilikuwa hivyo hivyo: anatufungia vizuri, halafu anakwenda kukaa sakafuni kati ya Bariki na Donata, wanaimba zaburi za Daudi kwa sauti mbaya ajabu.

Baridi ilipokuja akashikwa na homa palepale barazani. Wakaniita. Kifua kilikuwa kinakoroma, na midomo imebadilika rangi. Nikakimbilia mkate, kama tunavyowafanyia wanaokufa, nikapiga magoti na kumsogezea mdomoni.

"Wamekula?" akauliza.

"Bado."

"Rudisha."

"Kaidi we! Utaangamia, Namfamo!" Nilikuwa nalia, sioni aibu kusema.

"Huenda. Wewe rudisha."

Nikaupeleka mkate ule kwa Baba Askofu, nikamwambia umekataliwa, na kwa nini. Aliupokea, akaurudisha mezani. Kisha akatoka pekupeku kwenye ubaridi ule, akawawekea mikono vichwani wale wa barazani mmoja mmoja, akianza na Bariki, akimwambia kila mmoja, "Ingia nyumbani, mwanangu." Tulitaka Namfamo atangulie kwa kuwa ni mgonjwa, akatufokea kwa sauti ile ya homa kwamba bawabu haingii kabla ya watu wake. Akaingia wa mwisho kabisa, mgongoni kwa Bariki, akala. Ee Bwana, nilishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la ngano! Homa yenyewe ilimwachia wiki iliyofuata.

Kwa hiyo, ndugu zangu, Pasaka hii baraza letu ni tupu. Hakuna anayelia huko. Wana wa Bariki watabatizwa, na Donata ameapa chakula chote cha karamu ni juu yake.

Ahsante, Namfamo, kwa niaba ya wote tuliopita mlangoni pako, na zaidi wale ambao bila wewe tusingekuwa nao leo. Bwana akujalie siku nyingi, mifupa isiyouma, na usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu. Sasa kaa ndani, mzee wetu. Mlango tutafunga sisi.