Dada Kwanini, Aliyesoma Karatasi ya Dawa Hadi Mstari wa Mwisho

Wasifu huu umesahihishwa na marehemu mwenyewe, akiwa bado wodini. Mkisikia neno linalowashtua, mjue nilijaribu kulificha akalirudisha.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili wa mama mshonaji na baba karani wa stesheni. Alikuwa na miaka mitano alipomwuliza mkunga kwa nini mtoto anatoka analia na hajachapwa bado. Mtoto huyo ndiye mimi, mdogo wake, ninayewasomea. Tangu siku hiyo akaitwa Kwanini.

Alianza shule Januari 1964 na kumaliza sekondari mwaka 1975. Mwalimu wa hesabu aliandika kwenye ripoti, "Ana akili, ila anachelewesha darasa." Baba aliitia ripoti hiyo kwenye fremu.

Juni 1977 aliajiriwa kwenye kiwanda cha uchapaji kama msahihishaji. Alikaa miaka thelathini na mitano ghorofa ya pili, juu ya mashine, na kalamu yake nyekundu. Alisoma chochote kilichoandikwa, hata maelezo ya nyuma ya kopo la rangi. Mwaka 1983 aliolewa na fundi mitambo wa hapo hapo kiwandani, wakajaliwa watoto wawili. Shemeji alitutoka Agosti 2003.

Hapa mimi niliandika, "Baadaye aliugua kwa muda mrefu." Dada akakata mstari wote na kuandika pembeni, "Ugonjwa gani? Kwa nini hausemwi?"

Basi nausema. Dada yetu alikuwa na sonona. Baada ya kufiwa na mumewe aliweza kushinda na ukurasa mmoja kutwa nzima asijue amesoma nini. Februari 2004 daktari alimwandikia dawa. Alikunjua ile karatasi iliyo ndani ya boksi, akaisoma yote, akarudi duka la dawa na maswali kumi na moja.

"Mama, karatasi hiyo watu huitupa," mfamasia alimwambia.

"Ndiyo maana nimekuja. Kwa nini nafuu ingoje wiki kadhaa, na kichefuchefu kimeanza leo?"

Mfamasia akamvutia kiti.

Hakuwa malaika. Mwaka uliofuata alijiona mzima, akaacha dawa ghafla bila kumwambia daktari. Siku ya tatu dunia ikamzunguka, na kichwani akasikia kama shoti ya umeme. Karatasi ilikuwa imeonya. "Niliisoma," aliniambia, "ila nilidhani inawasema watu wengine." Alirudi kwa daktari, na kuanzia hapo kila badiliko la kipimo walilipanga pamoja.

Ndugu na majirani mliambiwa ni vidonge vya presha. Mimi ndiye niliyewaambia. Niliona aibu, na aibu hiyo haikuwa yake. Naomba radhi.

Mwaka 2016 niliachishwa kazi, usingizi ukanihama, nikaanza kuona heri nisiwepo. Nikamwomba dada vidonge vyake vichache. Akakataa. Nikamwita mchoyo.

"Hivi viliandikwa kwa ajili yangu," alisema. "Wewe hakuna aliyekupima. Vaa viatu."

Akanishika mkono hadi kliniki, akaningoja kwenye benchi saa tatu nzima. Nilitoka na cheti cha dawa changu mwenyewe. Leo ndiyo mara ya kwanza kulisema hilo mbele za watu.

Oktoba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Wodini, kabla hajaulizwa, aliwatajia madaktari dawa anayotumia, nao wakabadilisha ile ya kuzuia kutapika kwa kuwa hazikuendana. Alifariki tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na wanawe. Saratani ndiyo iliyomchukua. Sonona ilimtafuta miaka ishirini isimpate.

Ameacha dada mkubwa, watoto wawili, wajukuu wanne na mdogo wake mmoja. Hapo kwenye "mdogo wake" alipiga mstari, kwa mkono uliokwisha nguvu, akaandika swali lake la mwisho: "Anakunywa dawa yake?"

Nimekunywa, dada. Leo asubuhi, baada ya chai, kabla ya kuja kukuzika. Sasa pumzika kwa amani.