Chumba cha Kutia Akili

Asalaam aleikum, wazee wangu. Ndugu zetu Wakristo wa mashambani, habari za asubuhi. Mmeniita niseme kwa sababu kesho wazee wanakwenda kwa Bwana DC, kuomba kile chumba cha peke yako katika jela ya watoto kisitumike tena. Mimi nilikaa mle. Nitaeleza polepole, ili wajue wanachokwenda kuomba.

Nilikuwa kijana, ndevu bado. Askari walinikuta barabara ya Ukunda sina kazi, wakaniita mzururaji, wakanipeleka. Asubuhi moja tumepangwa mstari, nikacheka. Kucheka tu, ndugu zangu! Bwana mkubwa wa jela, Mzungu, akasema, "Mfungieni peke yake apate akili."

Sasa sikilizeni, na mama zangu mtanisamehe. Chumba hakina dirisha. Ndoo ya haja iko kichwani pako ulalapo, inamwagwa mlinzi akikumbuka. Ugali unasukumwa kwa mguu chini ya mlango, unafika na mchanga, na nzi wa ile ndoo wanautangulia. Uvundo utauzoea. Ulimi ndio unaooza. Utasema na ukuta, mwisho hata ukuta utakuchosha.

Uhuru ukaja, tukausikia kwa ngoma. Mzungu akaondoka, akaja bwana mkubwa wa kwetu, mweusi kama mimi. Nikajua mlango utafunguliwa. Nawaambieni, alitia kufuli jipya! Hadi leo nikikumbuka natema mate.

Aliyeniokoa ni mpishi, mzee wa Kinondo. Siku moja alileta chakula mwenyewe, akasimama nje.

"Hodi!"

Nikajiuliza: Nani abishe hodi kwangu?

"Hodi wenyewe! Humu hamna watu?"

Mlinzi akacheka. "Mzee, unabishia choo hodi?"

"Choo mmekifanya nyinyi. Ndani mna mwana wa watu."

Akangoja. Niliitafuta sauti, ikatoka kama ya kuku: "Karibu."

"Karibu wapi, mjukuu wangu, na ufunguo hawanipi?"

Nikacheka, nikalia. Tangu hapo alibisha kila alipokuja, na hakuondoka mpaka nimjibu. Kisha akapeleka habari kwa mama yangu, kule kwetu Galu. Mama akaja na dada zake, wakaketi langoni wakikataa kuondoka, mpaka bwana mkubwa akaona aibu, akanitoa.

Nyumbani niliendelea kula nimeelekea ukuta. Mama hakunikemea. Aliwaita wenzangu tushone makuti uani, wakanichokoza mpaka nikaanza kuwajibu.

Namshukuru yule mzee, Mungu amrehemu. Namshukuru mama na dada zake, na wenzangu kwa maneno yao yote mabaya.

Wazee, kesho semeni hivi: kijana akifanya fujo, atengwe kidogo tu mpaka apoe, na mtu mzima akae karibu aseme naye. Wakiwajibu kwamba mle vijana hupata akili, waambieni mmemsikia aliyekaa. Nilichojifunza mle ni kunuka.