Casimir Mwepu na Mkono wa Urbain

Tarehe 30 Juni 1971, Casimir Mwepu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika biro ya Kampuni yetu, ofisi inayochora ramani za mashine, hapa Likasi. Aliingia kama mchonga penseli, anatoka mchoraji mkuu. Pampu na mikanda mingi ya kiwandani ilipita kwanza mezani pake. Ni mtu wa mzaha pia: padri wa parokia aliponunua mbuzi wa sikukuu, Casimir alimchorea ramani ya mnyama huyo, yenye vipimo vyote, ili ajue pa kukatia.

Lakini mji mzima unamkumbuka kwa sinema.

Mwaka 1968 mkanda wa mashine ulinasa koti la fundi wetu Urbain, akapoteza mkono wa kulia. Alipotoka hospitali alijifungia nyumbani. Baadaye Kampuni ikataka sinema ya kufundisha usalama kazini; mimi nikapewa kamera, Casimir michoro. Tulitarajia mishale na alama nyekundu. Yeye akabuni mkono uliokatika ambao unaanza maisha yake: unapanda baiskeli, unaenda kwa kinyozi, unaketi misani kwenye benchi la mbele, huku mwenyewe akiufuata mtaa kwa mtaa akiusihi urudi. Mtu awe wa kweli, mkono uwe wa kuchorwa. Na mtu huyo alimtaka Urbain.

Tulimkuta sebuleni, mgongo mlangoni.

“Casimir, weye unataka bantu banicheke?”

“Hapana, kaka. Bacheke mukono. Weye utaiomba tu irudie.”

Mke wa Urbain, Émérence, alikuwa akisikiliza toka jikoni. “Mumuchukue, tata Casimir,” alisema. “Hapa anaangaliaka ukuta tu.”

Urbain akaja, nasi tukapiga picha barabarani mchana kweupe. Kisha Casimir akauchora mkono mara maelfu, mpaka macho yakamwasha.

Kabla ya kuonyeshwa, mjumbe wa chama tawala alikuja kuikagua. Alitazama hadi pale mkono unapohudhuria mkutano wa hadhara. Akasimamisha mashine.

“Juu ya nini hii mukono haipige makofi?”

“Iko moja, chef,” Casimir akajibu.

Siku zile watu walipelekwa mbali kwa maneno madogo kuliko hayo. Mjumbe akaamuru uchorwe mkono wa pili. Casimir aliona kwamba mkono wa pili ungemfanya Urbain, aliyepoteza mmoja tu, kuwa mwongo. Akaomba wiki moja. Tukaipiga upya sehemu ile, na Casimir mwenyewe akaketi mbele ya mkono, kofia magotini. Hotuba ilipokwisha, mkono ukapiga makofi kwa bidii juu ya upara wake. Mjumbe alicheka hadi akatafuta leso. Sinema ikapita.

Siku ya kuionyesha, ukumbi wa wafanyakazi ulijaa. Urbain alipotokea kwenye pazia la sinema, na lile koti lililolegea upande mmoja, hakuna aliyethubutu kucheka. Tulisikia mtu mmoja tu nyuma kabisa, anacheka kwa sauti ya kukwaruza kama mashine iliyolala muda mrefu. Alikuwa Urbain. Hapo ukumbi ukalipuka.

Mwishoni mkono unapanda treni ya Lubumbashi. Urbain anabaki stesheni, anainua kigutu kuuaga. Wiki ile wake wengi walikata mikono ya makoti ya waume zao hadi kwenye viwiko, na tangu hapo mkanda ule haujamnasa mtu.

Leo Urbain ndiye anayewapokea wafanyakazi wapya na kuwaonyesha sinema hiyo. Nilimuuliza niandike nini kwa niaba yake.

“Andika hivi: alinirudisha mu bantu.”

Kaka Casimir, asante. Wewe na mama Albertine mnahamia kando ya ziwa Tshangalele; tunawaombea afya, samaki wanono na miaka mingi ya kucheka pamoja.