Utepe kwenye Mkono wa Bwana Chimombo

Kwenye basi la kutoka Salima kwenda Lilongwe niliketi nyuma ya Bwana Chimombo. Jina nililisoma kwenye beji ya semina ya maofisa wa lishe, ambayo bado ilining'inia shingoni mwake. Ubavuni pake alikaa mama mmoja mwembamba, mhudumu wa afya wa kijijini.

"Siku tatu hotelini tunajadili utapiamlo wa watoto, mama," bwana alisema huku akicheua. "Kazi nzito."

Nilimwonea huruma. Samaki wa hoteli za kule ziwani wana miiba mingi.

"Na unga wa lishe je?" mama akauliza. "Huu ni mwezi wa tano hatujaona hata pakiti."

"Serikali inawajali watoto. Si mlipewa vifaa?"

"Tulipewa huu." Akatoa utepe wa kupimia mikono ya watoto: nyekundu njaa, kijani shibe. "Nampima mtoto, halafu namwambia mama yake kwamba ana njaa. Kana kwamba hajui!"

"Hata hivyo, ni mwanzo mzuri."

Mama akamshika mkono, akauzungushia utepe. Ncha hazikukutana. Basi likasimama, naye akainuka ashuke.

"Kumbe fungu la watoto lilifika salama, kaka. Ni sisi tuliokuwa tunapima mikono siyo."